Kipi kinatangulia jukwaani: maandishi, ufundi au uigizaji?

Swali: Mwalimu, naongoza kikundi cha maigizo. Nimesoma kwamba sanaa ya maonyesho ina vipengele vya kifasihi, vya kiufundi na vya uigizaji, na naweza kuvitaja vyote bila kuangalia daftari. Tatizo ni pale tunapoanza kazi. Huwa tunashughulikia maandishi kwanza, kisha uigizaji, na wiki ya mwisho tunaongeza taa, sauti na maleba (mavazi ya waigizaji). Kila mara kilichokuwa kizuri mazoezini kinapwaya mbele ya watu. Tuna taa mbili tu. Je, kipi kati ya makundi hayo matatu ni muhimu zaidi, na yanaunganishwaje?

Jibu: Ndugu yangu, kinachowaangusha ni huo mpangilio wenu wa kazi, si uchache wa taa. Mmechukua makundi ya darasani mkayafanya ratiba ya mazoezi, na ratiba hiyo inahakikisha kwamba vitu vinavyopaswa kukua pamoja vinakutana vikiwa vimeshakomaa, kila kimoja na tabia yake.

Mgawanyo wenyewe si mbaya. Kifasihi ni yale anayoyaweka mtunzi: msuko (jinsi matukio yanavyofuatana na kusababishana), wahusika, mgogoro, dhamira, lugha ya majibizano, mpangilio wa maonyesho. Kiufundi ni mandhari ya jukwaa, taa, sauti, maleba, maremba (vipodozi vya jukwaani) na vifaa vya mkononi. Uigizaji ni mwili na sauti ya mwigizaji, mwendo wake, kimya chake, na jinsi anavyokabiliana na hadhira. Ukiujua mgawanyo huu unajua nani anawajibika kwa lipi. Lakini mtu aliyeketi kwenye kiti chake hapokei mafungu matatu. Anachopokea ni kwamba sasa hivi, mbele yake, jambo limetokea. Ndiyo maana swali ninalouliza katika kila ukurasa wa tamthilia ni hili: hapa hadhira inapaswa kujua nini, na nani ataibeba habari hiyo? Neno, kitu au mwili?

Hilo ndilo jibu langu kwa sehemu ya kwanza ya swali lako. Hakuna kundi lililo muhimu zaidi kwa tamthilia nzima. Kuna lililo muhimu zaidi kwa dakika hii, na jukumu hilo huhama. Dakika hii neno linabeba, kwa hiyo taa na mwili vinaliachia nafasi. Dakika inayofuata mwili unabeba, na mtunzi mzuri hapo hunyamaza. Maonyesho mengi yanayopwaya niliyoyaona yana ugonjwa mmoja: kila kitu kinasema jambo lilelile kwa wakati mmoja. Mhusika anasema ana huzuni, analia, muziki wa huzuni unapigwa, taa inageuka buluu. Hadhira haikuachiwa kazi yoyote ya kufanya, na hadhira isiyo na kazi huanza kukohoa.

Wapo waliojaribu kuvipanga vipengele kwa daraja. Katika karne ya 4 K.K., mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alitaja vipengele sita vya tanzia, yaani tamthilia ya huzuni: msuko, wahusika, lugha, fikra, wimbo, na yale yanayoonekana kwa macho. Akauweka msuko mbele ya vyote, na akasema nguvu ya tanzia inaweza kuhisiwa hata bila onyesho wala waigizaji. Kuhusu msuko namkubali kabisa. Msuko uliolegea hauokolewi na taa wala maleba, na kama wahusika wenu hawatafuti kitu kinachozuiwa na mwingine, rudini mezani kabla hamjashona hata kifungo. Kuhusu kulishusha jukwaa, simkubali, na ushahidi wangu natoa kwake mwenyewe.

Ni Aristotle huyohuyo anayetueleza kwamba mtunzi wa tanzia Aeschylus aliongeza waigizaji kutoka mmoja hadi wawili, na mtunzi mwenzake Sophocles akaleta wa tatu. Kwa juujuu hilo linaonekana kuwa jambo la uigizaji tu, yaani idadi ya watu wanaolipwa. Sasa tazama lilivyobadilisha uandishi. Wakiwa wawili, mmoja anasema na mwenzake anajibu. Wakiwa watatu, kuna anayeweza kusimama pembeni akisikia asichopaswa kukisikia. Katika tanzia ya Sophocles kuhusu mfalme Oedipus, mjumbe kutoka Korintho anamwambia mfalme kwamba yeye si mtoto wa waliomlea. Alipokewa akiwa mchanga kutoka kwa mchungaji wa nyumba ya Laius, mfalme aliyemtangulia. Oedipus anamhoji mjumbe, swali juu ya swali. Muda wote huo mkewe, Jocasta, amesimama palepale, hasemi neno. Yeye ameshaelewa kwamba mumewe ni mwanawe. Oedipus anapomgeukia hatimaye, anamsihi aache kuuliza.

Fikiria unaongoza onyesho hilo. Jambo kubwa kuliko yote linatokea ndani ya mtu asiye na mstari hata mmoja wa kusema. Tena waigizaji wa wakati ule walivaa barakoa, kwa hiyo hata uso haukuweza kusaidia. Kilichobaki ni mahali aliposimama, umbali kati yake na mumewe, na pengine hatua moja ya kurudi nyuma. Maandishi yamempa kimya, barakoa imemnyang'anya uso, mwili ukaachiwa mzigo wote. Hapo huwezi kunionyesha fasihi inaishia wapi na uigizaji unaanzia wapi.

Wakati mwingine neno ndilo linalofanya kazi ya fundi. Ukumbi wa Globe jijini London, uliojengwa mwaka 1599, haukuwa na paa katikati, na maonyesho yalifanyika mchana kwa mwanga wa jua. Hata hivyo Hamlet ya Shakespeare inaanza usiku wa manane, juu ya ngome, kwenye baridi kali. Usiku huo unatengenezwaje saa za alasiri? Mlinzi anayekuja kupokea zamu anauliza kuna nani pale. Anayepaswa kuuliza ni aliyeko zamuni, si anayewasili, na mwenzake anamrudishia palepale, akimtaka yeye ndiye ajitambulishe. Kwa majibizano hayo mafupi tumejua kuna giza, tumejua walinzi wana hofu, na tumejua kuna kitu hakiko sawa mahali hapa. Lakini maneno hayo yatakufa ikiwa mwigizaji atamtazama mwenzake usoni wakati anauliza. Lazima macho yake yawe ya mtu asiyeona. Neno limeleta giza, na mwili umeliamini.

Nikuonyeshe sasa kwa kipande kidogo ambacho mnaweza kukijaribu kesho. Nimekitunga kwa ajili ya jibu hili. Ndugu wawili wameachiwa nyumba na marehemu baba yao. Katika onyesho lililotangulia tumemwona kaka akiiuza kwa siri na kumkabidhi mnunuzi ufunguo, ule unaoning'inizwa siku zote kwenye msumari ukutani. Sasa ni jioni, dada anaingia.

DADA: Mlango wa nyuma umeufunga?
KAKA: Nimeufunga.
DADA: Ufunguo uko wapi?
KAKA: Upo.

Mistari minne. Kazi ya kifasihi imeshafanyika: hadhira inajua asichopaswa kujua dada, na kaka hakujibu alichoulizwa. Swali linalobaki ni moja. Dada anautazama ule msumari lini?

Akiutazama kabla ya kuuliza ufunguo uko wapi, basi anajua, au anahisi, na swali lake ni mtego. Mwigizaji wa kaka akiigundua hiyo, "upo" yake itatoka ikiwa na jasho. Akiutazama baada ya kujibiwa, ndipo anapogundua mbele ya macho yetu, na onyesho lote linahamia kwenye sekunde mbili zinazofuata ambazo hazina maneno. Asipoutazama kabisa, anabaki gizani, na sisi tunaojua tunateseka kwa niaba yake hadi onyesho lijalo. Hizo ni tamthilia tatu tofauti, zenye dada wa aina tatu, na hakuna herufi iliyobadilika. Mtunzi angeweza kuamua kwa maelezo ya jukwaani ndani ya mabano. Asipoamua, ni mwongozaji na mwigizaji watakaoandika sehemu hiyo kwa jicho.

Haya, msumari wenyewe uko wapi? Ukiupigilia kwenye ukuta wa nyuma, dada atalazimika kutupa kisogo ili autazame, na sura yake tutaikosa wakati tunaihitaji kuliko wakati wowote. Ukiuweka ukuta wa pembeni karibu na hadhira, anageuza kichwa kidogo tu na tunaona kila kitu. Mbaya zaidi ni kutokuwa na msumari mazoezini. Wiki zote nne dada amekuwa akitazama hewa popote alipopenda, kisha siku mbili kabla ya onyesho fundi anaupigilia pale alipopata nafasi. Jicho lililokuwa limezoea upande mmoja linapotea. Nina hakika kupwaya kwenu kunatokana na mambo madogo ya namna hii, yakiwa thelathini au arobaini kwa usiku mmoja.

Kisha anakuja mtu wa taa, mwenye nia njema, anamulika msumari mtupu dada anapoingia. Ameharibu. Ameshatuambia pa kutazama kabla dada hajatazama, na tendo kubwa la mwigizaji limegeuka kuwa uthibitisho wa kitu tulichokwisha kuonyeshwa. Msumari uonekane, ndiyo, lakini kwa mwanga uleule wa ukuta mzima. Habari hii imebebwa na jicho la dada, kwa hiyo taa iache.

Na hapo ndipo zinapoingia taa zenu mbili. Watu wa jukwaa walipopata umeme (ukumbi wa Savoy wa London uliwashwa wote kwa umeme mwaka 1881) waliweza kumwaga mwanga kila mahali, na mwanga wa kila mahali haumwonyeshi mtu. Mswisi Adolphe Appia, aliyefariki mwaka 1928, alitumia maisha yake kutetea hoja kwamba mwili wa mwigizaji ni kitu chenye kina na unene, na kwamba kazi ya taa ni kuuchonga mwili huo, si kuangaza tu pazia lililochorwa nyuma yake. Kwa upande wa utendaji, Stanley McCandless, aliyefundisha uangazaji wa jukwaa katika Chuo Kikuu cha Yale, alitoa mwongozo mwaka 1932 unaotumika hadi leo: kila eneo la jukwaa liangazwe kutoka mbele kwa taa mbili, moja kila upande, zikishuka kwa pembe ya nyuzi 45, moja ikiwa na rangi ya joto (kama manjano) na nyingine ya baridi (kama buluu). Hivyo upande mmoja wa uso unakuwa tofauti kidogo na mwingine, na uso unapata umbo.

Maana yake kwenu ni kwamba taa mbili zinatosha kuangaza eneo moja vizuri. Hazitoshi kuangaza jukwaa zima, kwa hiyo msilitumie jukwaa zima. Chagueni sehemu ya hatua nne au tano, wekeni tendo kuu humo, na kingo za nusu giza ziwe mahali pa kuingilia, kusikilizia, kujificha. Uamuzi huo wa kiufundi utakurudisha kwenye maandishi: nani katika tamthilia hii ana haki ya kusimama kwenye mwanga, na nani anabaki ukingoni? Nimeona vikundi vyenye taa thelathini visivyowahi kujiuliza swali hilo.

Kuhusu sauti nitasema machache, ila moja ni la lazima. Mlio ukianza chini ya maneno, maneno yatapotea. Mwachie mwigizaji amalize, au mwache mlio ufike peke yake. Tamthilia ya mwisho ya mtunzi Mrusi Anton Chekhov, ile ya bustani ya micheri inayouzwa, haiishii kwa neno. Mtumishi mzee amesahaulika ndani ya nyumba iliyofungwa, analala, kisha inasikika kwa mbali sauti kama ya uzi wa chombo cha muziki uliokatika, na baada ya hapo shoka likipiga mti. Mtunzi ndiye aliyeandika sauti hizo. Ukizichukulia kuwa mapambo ya fundi unaweza kuziondoa, na ukiziondoa umefuta mstari wa mwisho wa tamthilia.

Tamthilia hiyohiyo inafundisha jambo lingine. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904 na Ukumbi wa Sanaa wa Moscow. Chekhov alisisitiza kwamba ameandika ramsa, yaani tamthilia ya kuchekesha. Konstantin Stanislavski, mwanzilishi mwenza wa ukumbi huo, aliiona tanzia na akaiongoza hivyo. Chekhov alilalamika kwa barua kwamba tendo la mwisho lililopaswa kuchukua dakika 12 kwa wingi lilikuwa likichukua 40. Maneno ni yale yale! Kasi ndiyo iliyohamisha kazi nzima kutoka kwenye kicheko hadi kwenye kilio. Kwa hiyo watu wanaposema kwamba aina ya tamthilia ni kipengele cha kifasihi, waongezee kwamba mwigizaji anaishika mkononi kila usiku, na akivuta pumzi ndefu mno kati ya mistari anaweza kuibadilisha.

Upande wa sauti ya mwigizaji, kwa sisi tunaoigiza kwa Kiswahili kuna hatari ambayo vitabu vya nje havitaitaja. Nafsi na ukanushi vinakaa mwanzoni mwa kitenzi, pale hasa mwigizaji mwenye haraka anapopameza. "Nitarudi" na "sitarudi" vinatenganishwa na silabi moja ya mwanzo isiyo na mkazo. Ikipotea, hadhira ya safu za nyuma haijui kama mhusika ameahidi au amekataa. Wazoezeni waigizaji kuzifungua silabi za mwanzo bila kupiga kelele. Mwili nao upewe kitu cha kufanya chenye sababu. Mkono unaopungapunga hewani kila neno linapotoka huchosha macho haraka.

Sasa ratiba. Siku ya kwanza someni tamthilia yote kwa sauti mkiwa mmeketi, na kwa kila mhusika andikeni anachotaka katika kila onyesho, kwa kitenzi: anataka kuficha, kubakiza, kuondoka, kusamehewa. Vitu hivyo ndivyo mwigizaji anavyoweza kuvitenda. Huwezi kutenda "huzuni". Fundi wa taa, wa maleba na wa vifaa wakae kwenye kikao hichohicho. Wasiitwe baadaye kupewa orodha. Kuanzia siku mnayosimama kwenye miguu, kila kifaa kiwe na kibadala: ufunguo wowote, msumari wowote, kiti chenye urefu unaokaribiana na kile cha onyesho. Chorea mipaka ya jukwaa sakafuni kwa chaki. Viatu vya mhusika vivaliwe mapema kuliko nguo nyingine zote, kwa sababu kiatu hubadili mwendo, na mwendo hubadili sauti. Mwigizaji aliyefanya mazoezi na ndala halafu akapewa viatu vizito siku ya onyesho atakuwa mtu mwingine, na wenzake hawatamtambua.

Mkifika nusu ya muda, fanyeni zoezi hili kwa onyesho moja lenye matatizo. Lichezeni bila maneno. Kisha lichezeni kwa maneno tu, mmekaa mmegeuziana migongo. Kitakachoeleweka mara zote mbili kimebebwa mara mbili, na kwa kawaida upande mmoja unaweza kupunguzwa: kata mstari, au ondoa ishara ya mkono. Kisichoeleweka mara yoyote hakina mbebaji, na hapo ndipo mnapohitaji kuamua. Usiogope kukata maneno kama mtunzi yuko nanyi na anakubali. Kama hayupo, kateni ishara.

Wiki ya mwisho isiwe ya kuongeza kitu, iwe ya kupanga wakati. Msimamizi wa jukwaa awe na nakala yake ya tamthilia, na pembeni mwa kila mstari aandike kwa penseli kila badiliko la taa, kila mlio, kila anayeingia na upande anaotokea. Pitieni tamthilia kutoka ishara moja hadi nyingine, mkiruka maneno ya katikati, hadi kila badiliko litokee palepale linapotakiwa. Ni kazi ya kuchosha, na waigizaji watalalamika kwamba hawaigizi. Kwa lile onyesho la ufunguo, ishara ya kupunguza taa isiandikwe kwenye neno "upo". Iandikwe kwenye jicho la dada: anapoutazama msumari, msimamizi anahesabu mbili, ndipo anamwambia mtu wa taa ashushe. Mwigizaji akichelewa kutazama usiku huo, taa nayo imsubiri.